Osa Johnson: mwanamke aliyewapelekea Wamarekani simba wetu

Wanangu, muulizeni mtoto yeyote hapa Al Wakrah, awe Mqatari, Mhindi, Mfilipino au Mmisri, awatajie neno moja la Kiswahili. Wengi watajibu papo hapo: simba. Wamelipata kwenye katuni ya mwaka 1994, ile yenye Simba, Rafiki na Pumbaa. Lakini neno hilo lilikuwa limeshafika kwenye kumbi za sinema za Marekani miaka 66 kabla ya katuni hiyo. Mwaka 1928 Wamarekani walikwenda kutazama filamu iliyoitwa Simba, na simba wake hawakuchorwa. Walikuwa simba wa kweli, waliopigwa picha Kenya na Tanganyika. Walioipiga ni mtu na mkewe kutoka jimbo la Kansas.

Leo tumsome huyo mke, Osa Johnson. Kila sinema ya Marekani ilipobadilika, naye maisha yake yalibadilika, kwa hiyo ukimfuata yeye unaifuata sinema yenyewe. Tena katika kazi yake tumo sisi, yaani babu na bibi zetu, na namna tulivyowekwa humo ni jambo la kuzungumza nyumbani. Wazazi, wasomeeni wadogo polepole. Kuna sehemu ni ndefu.

Osa alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, Kansas. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mtoto wa Wakrah anaijua bahari kabla hajajua kutembea, lakini Kansas iko katikati kabisa ya Marekani, haina bahari wala bandari. Osa alikua akiona mashamba, treni na majirani wale wale.

Mumewe, Martin Johnson, alikuwa amemzidi kwa karibu miaka kumi. Alikulia Independence, mji wa jirani, ambako baba yake aliuza saa, vito na vifaa vya kupigia picha. Ujana wake Martin aliutumia kuzunguka akipiga watu picha na kuwauzia. Mwaka 1906 alisikia kwamba mwandishi maarufu Jack London anajenga mashua ili aizunguke dunia, akamwandikia barua kuomba kazi. Akachukuliwa kama mpishi, ingawa kupika hakukumjia vizuri. Mashua hiyo, iliyoitwa Snark, ilifika hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki kabla ya London kuugua na safari kukatika. Martin akarudi kwao na picha, na hadithi za kutosha kumlisha maisha yake yote.

Sasa niwaeleze sinema ilivyokuwa wakati huo, maana mkifikiria ukumbi wenye viti laini na bisi mtapotea. Katika miaka ya 1905 hadi 1910 Marekani ilijaa vyumba vidogo vya sinema, vingi vikiwa maduka yaliyogeuzwa, na kiingilio kilikuwa senti tano. Filamu zilikuwa za dakika chache tu, bila sauti: treni inapita, mtu anateleza, wezi wanakimbizwa. Kati ya filamu moja na nyingine mtu alisimama mbele akaimba, au akaonyesha picha za kioo na kuzisimulia. Martin alifungua ukumbi wa namna hiyo mjini kwao, akawa anasimulia safari yake ya Snark. Msichana aliyekuwa akiimba humo alikuwa rafiki wa Osa. Osa akaja kumtembelea rafiki yake, akaonana na Martin, na mwezi Mei 1910 wakafunga ndoa haraka haraka. Osa alikuwa na miaka 16. Siku hizi tungemwambia arudi shule.

Baada ya hapo walizunguka miji ya Marekani kwa miaka, Martin akisimulia na Osa akiimba nyimbo za Hawaii huku amevaa mavazi ya huko, mahali ambako alikuwa hajafika. Kumbukeni hilo la mavazi. Katika sinema ya wakati ule, kuvaa mavazi ya mahali kulihesabiwa karibu sawa na kufika.

Na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, kwa mlango wa Mombasa. Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliteremka Mombasa kwenda kuwinda. Wamarekani wote walitaka kumwona akiwinda. Mjini Chicago kulikuwa na mtengeneza filamu, William Selig, ambaye hakungoja. Alinunua simba mzee, akatafuta mwigizaji aliyefanana na Roosevelt, akawavalisha Wamarekani weusi wa mjini kwake kama wapagazi wa Kiafrika, akapanga miti kiwanjani na kamera ikaanza kuzunguka. Simba yule akapigwa risasi kweli, akafa kweli. Filamu ikatangazwa kama uwindaji wa Afrika na ikaingiza fedha nyingi.

Mwaka uliofuata ikaja filamu ya ukweli. Mwingereza Cherry Kearton alikuwa amempiga Roosevelt picha huku huku Kenya. Lakini wanyama walikuwa mbali na matukio yalikwenda taratibu, kama yanavyokwenda porini. Watazamaji waliona inachosha. Walikuwa wameshaizoea ile ya Chicago. Mimi huona kwamba hapo sinema ilijifunza somo ambalo halikulitoka tena: ukweli peke yake hauuzi tiketi, lazima kuwe na hatari. Mwaka 1912 tajiri Paul Rainey akaleta filamu ya kuwinda Afrika Mashariki kwa mbwa, ndefu na yenye vurugu, ikapendwa sana. Filamu za safari zikawa aina kamili ya sinema, kama leo tunavyosema filamu za kuchekesha au za polisi.

Martin na Osa waliingia kwenye biashara hiyo mwaka 1917, si kwetu bado bali kwenye visiwa vya Solomon na nchi inayoitwa Vanuatu leo. Huko kisiwa cha Malekula walimpiga picha kiongozi mmoja, Nagapate, na filamu yao ya 1918 ikawatangaza wenyeji wa huko kuwa wala watu. Ilileta fedha. Wakaenda tena, wakaenda na Borneo. Sitakaa sana huko.

Aliyewaelekeza Afrika ni Carl Akeley, wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York. Huyu alikuwa fundi wa kutengeneza wanyama waliokufa waonekane kama wako hai, na pia alibuni kamera nzuri ya kupigia wanyama porini, nyepesi kugeuza upande wowote. Akeley aliogopa kwamba wanyama wa Afrika watamalizwa na bunduki, na alitaka wapigwe picha kabla hawajaisha. Mwaka 1921 Martin na Osa wakashuka Mombasa, wakapanda reli hadi Nairobi. Sisi huondoka Doha jioni na kufika Nairobi usiku huo huo, saa tano na ushei angani. Wao walikuwa na majuma mengi ya meli, na masanduku yaliyojaa mikanda ya filamu ambayo joto likizidi huharibika, na moto ukiigusa huwaka kama petroli.

Mjini Nairobi walikutana na Blayney Percival, msimamizi wa wanyama wa serikali ya kikoloni, ambaye aliwasimulia habari za ziwa lililofichika kaskazini. Walipolifika waliliita Ziwa la Peponi, na vitabu vingi vya Kimarekani vikaandika kwamba wamelivumbua. Wanangu mnaotoka Kenya, mwambieni mwalimu wenu wa jiografia: ziwa hilo liko juu ya mlima Marsabit, ndani ya shimo la volkano, na Waborana walikuwa wakilinywesha mifugo na kuliita Gof Sokorte Guda. Kitu chenye jina hakivumbuliwi. Hata njia ya kufika hawakuipata wenyewe. Aliyewaongoza ni mtaalamu wa nyayo za ndovu ambaye katika vitabu vyao anaandikwa Boculy, mtu aliyeweza kutazama majani yaliyokanyagwa akajua ndovu wangapi wamepita na lini.

Filamu yao ya kwanza ya Afrika ilitoka 1923. Ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Safari hii walipata msaada wa jumba lile la makumbusho na wa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak. Mwaka 1924 wakarudi Marsabit, na kwa miaka karibu minne hapo pakawa kwao. Hebu fikirini kazi yenyewe. Ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi, siku hizo bila lami, kupitia nchi kavu ambako kupata maji ni kazi ya siku nzima. Kila kitu kilibebwa: kamera, unga, sabuni, dawa za kuoshea filamu, mbegu za bustani ya Osa. Wakajenga kijiji kidogo juu ya ziwa, na ndani yake chumba cha giza cha kuoshea filamu. Filamu haingoji urudi Marekani. Katika joto ile lami nyembamba inayobeba picha hulainika na kuoza, kwa hiyo iliwabidi waioshe huko huko, na maji yawe safi na baridi. Nani alichota maji hayo? Si Martin wala Osa.

Eastman mwenyewe alikuja kutembea mwaka 1926, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, na inajulikana kwamba alipenda kupika kambini. Akeley naye alikuja mwaka huo huo, akaendelea hadi Kongo, akafa huko mwezi Novemba kwenye mteremko wa mlima Mikeno, karibu na masokwe aliokuwa amepigania wapewe hifadhi. Hifadhi hiyo ipo hadi leo, ndiyo Virunga.

Osa alifanya nini katika haya yote? Hapa ndipo ninapompenda, na ni vizuri niseme hivyo kabla sijasema mengine. Kamera ya wakati ule ilizungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kwa sekunde bila kuharakisha wala kupunguza, na anayezungusha jicho lake liko kwenye kioo. Hawezi kushika bunduki. Kifaru akija mbio, Martin aliendelea kuzungusha na Osa alisimama pembeni ameshika bunduki, akisubiri hadi dakika ya mwisho. Akipiga mapema, filamu imeharibika. Akichelewa, mume hana. Alikuwa mpigaji hodari kuliko Martin. Alivua samaki, alilima mboga, aliendesha kambi na aliendesha gari. Wasichana wa Marekani waliomwona kwenye sinema walikuwa hawajamwona mwanamke wa namna hiyo. Katika filamu za siku zile mwanamke kwa kawaida alikuwa wa kufungwa kamba na kuokolewa.

Filamu Simba ilitoka mwaka 1928. Ndani yake kuna tembo wakinywa maji usiku, twiga, swala, na simba wa nyika za Serengeti wakiwa karibu kiasi kwamba unahesabu mbavu zao. Kuna mashujaa wa Kikipsigis, ambao Wazungu wa zama hizo waliwaita Lumbwa, wakimzunguka simba kwa mikuki. Kwa wanyama, ni filamu nzuri sana hata leo.

Kwa watu, hapana. Simba ni filamu bubu. Badala ya sauti kulikuwa na maandishi yaliyotokea kati ya picha na picha, na Waafrika wanapotokea, maandishi hayo yanawafanyia mzaha. Mama anapita na mzigo wake, yanakuja maneno ya kuchekesha ukumbi. Mtu anayefanya kazi ya hatari anaonyeshwa kama mtoto. Na ile hatari yenyewe ilitengenezwa mara nyingi: mnyama alisogelewa na kusumbuliwa mpaka akasirike, kisha vipande vya siku mbalimbali vikaunganishwa vionekane tukio moja. Osa anapiga risasi katika kipande kimoja, simba anaanguka katika kipande kingine. Somo la Chicago halijasahauliwa.

Kitu kingine ni majina. Katika vitabu vya safari vya Wazungu wa miaka hiyo, mara nyingi mpishi anaitwa Mpishi tu, na kijana wa kazi anaitwa Toto. Mtoto anayesoma Kiingereza bila kujua Kiswahili anadhani hayo ni majina waliyopewa na mama zao. Nyinyi mnaojua Kiswahili mnaona mara moja kilichotokea: mwandishi hakuuliza. Martin na Osa walikuwa afadhali kidogo, maana waliandika majina ya baadhi, kama huyu Boculy. Wengine mamia waliobeba, waliopika, waliochota maji na kulinda usiku hawamo popote.

Kiswahili chao nacho kilikuwa cha kuendeshea kambi, kile ambacho Kenya hukiita Kisetla, chenye amri nyingi na salamu chache. Si hicho tunachowafundisha Jumamosi.

Wakati huo huo, na hili hunifurahisha, watu wetu hawakuwa porini wakisubiri kupigwa picha. Walikuwa wanakwenda sinema. Mjini Zanzibar, Hassanali Adamjee Jariwalla alijenga ukumbi wa Royal mwaka 1921, mwaka ule ule Martin na Osa waliposhuka Mombasa. Waswahili walivaa vizuri, wakalipa, wakakaa wakawatazama Wamarekani wakiteleza na kuanguka. Hakuna mpiga filamu wa Kimarekani aliyeleta kamera kuonyesha hilo.

Mwaka 1927 ndipo sinema ya Marekani ilipopata sauti ya watu kuongea na kuimba, na ndani ya miaka mitatu filamu bubu zikawa kama simu zile za kuzungusha. Wapiga filamu wengi walipotea. Osa na Martin walipakia mashine za sauti, nzito mno, wakaenda nazo hadi msitu wa Ituri, Kongo. Matokeo yake yalikuwa Congorilla ya mwaka 1932, filamu ya kwanza kubwa kuwa na sauti iliyorekodiwa Afrika kwenyewe. Watazamaji wa New York walisikia kwa mara ya kwanza ndege na viboko wa kweli, na Wambuti wakiimba. Kisha Osa anafungua santuri ya jazi na kucheza na Wambuti, na wanapewa vitu vya kigeni ili ukumbi ucheke wanavyovishika. Masokwe wawili wachanga waliokamatwa katika safari hiyo walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, wakaitwa Mbongo na Ngagi. Mwenye ndugu Rwanda atalitambua hilo la pili: ingagi ni sokwe kwa Kinyarwanda.

Neno hilo hilo lilikuwa limetumika vibaya kidogo kabla. Mwaka 1930 ilitoka filamu iitwayo Ingagi iliyodai kuwa ni ya kweli kutoka Kongo. Sehemu kubwa ilikuwa vipande vya filamu ya zamani ya mtu mwingine pamoja na michezo iliyopigwa California. Waliodaiwa kuwa Wambuti walikuwa watoto wa Los Angeles. Sokwe alikuwa mtu ndani ya vazi la manyoya, Charles Gemora, mzaliwa wa Ufilipino, fundi aliyeshona mavazi hayo mwenyewe. Mwambieni rafiki yenu Mfilipino darasani, atafurahi. Gemora alikiri kwa maandishi kwamba sokwe ni yeye, chama cha watengeneza filamu kikaikataa filamu hiyo, na bado iliingiza fedha nyingi kuliko nyingi za ukweli.

Mwaka 1931 kampuni ya MGM ikatoa Trader Horn, hadithi ya kubuni iliyopigwa Kenya, Uganda na Kongo. Humo yumo Mutia Omoolu, Mkenya, aliyeigiza msaidizi wa mhusika mkuu na jina lake likaandikwa pamoja na waigizaji. Walimpeleka hadi Hollywood kumalizia kazi. Picha za Afrika zilizobaki katika filamu hiyo zilitumika mwaka uliofuata katika Tarzan, filamu ambayo mhusika wake hakuhitaji kuvuka bahari. Mwaka 1933 akaja King Kong, naye hakuhitaji hata sokwe. Unaona sinema inavyotembea: ilianza na simba wa uongo Chicago, ikaenda kumtafuta wa kweli Serengeti, kisha ikarudi studio kwa sababu studio ni rahisi na watazamaji wameshajua Afrika ifanane vipi.

Osa na Martin wakajibu kwa kupanda juu. Walijifunza kurusha ndege, wakanunua mbili zinazoweza kutua majini, moja wakaipaka madoa ya twiga na nyingine mistari ya pundamilia. Mwaka 1933 na 1934 walipiga filamu kutoka angani juu ya mlima Kenya na Kilimanjaro, na makundi ya wanyama nyikani. Filamu hiyo, Baboona, ya mwaka 1935, inatajwa kuwa miongoni mwa filamu za kwanza za sauti kuonyeshwa ndani ya ndege. Mkiwa safarini kwenda likizo na mmebonyeza kioo kilicho mbele yenu, mkumbukeni.

Tarehe 12 Januari 1937 walikuwa abiria wa kawaida katika ndege ya kawaida karibu na Burbank, California, wakienda kuhutubia. Ndege iligonga mlima. Watu hawa walikuwa wamekaa mbele ya vifaru na ndovu kwa miaka mingi. Martin alifariki kesho yake. Osa aliumia vibaya, na bado baada ya muda mfupi alirudi jukwaani kwenye kiti cha magurudumu kumalizia mihadhara iliyokuwa imeshapangwa. Mimi ni muuguzi, nimewaona watu wazima wakilia kwa kushushwa tu kitandani siku ya pili baada ya kuvunjika. Kwa hiyo sehemu hiyo ya maisha yake huwa naisoma mara mbili.

Alikuwa na miaka 42, mjane, bila mtoto, na kazi waliyokuwa wakiifanya wawili. Hollywood ikamwita. Kwa filamu ya Stanley na Livingstone ya mwaka 1939 aliongoza kikosi kilichokuja Afrika Mashariki kupiga picha za nyika na misafara, huku nyota wake, Spencer Tracy, akipigwa picha kule kule Hollywood. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yao, kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana Marekani mwaka huo. Na mwaka 1952, sinema ilipoanza kupoteza watazamaji kwa televisheni, Osa alichukua mikanda yao ya zamani, akakaa mbele ya kamera na kuisimulia upya. Hicho huhesabiwa kuwa kipindi cha kwanza cha mfululizo cha wanyamapori katika televisheni. Alifariki New York tarehe 7 Januari 1953 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa Chanute alikozaliwa. Mwaka 1961 mji huo ulifungua jumba la makumbusho la Martin na Osa, na katika jina lake rasmi limo neno letu, safari. Nyinyi mnaosoma shule za hapa mnajua neno hilo sisi tulilitoa wapi: safar.

Mzazi mmoja aliniuliza kwa nini niwafundishe watoto habari za Mzungu huyu wakati tuna wa kwetu. Jibu langu ni hili. Mmoja wa wanafunzi wetu aliulizwa na wenzake shuleni kama kwao Nairobi wanaishi na simba na kama baba yake anavaa nguo. Mtoto aliyeuliza hakuwa na ubaya. Aliyaona mahali. Na huyo aliyemwonyesha naye aliyaona mahali. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua unafika kwenye kumbi za giza za miaka ya 1920, kwenye maandishi yale ya mzaha kati ya picha na picha. Osa hakuyaanzisha, wala sidhani aliwachukia watu walioishi naye Marsabit. Lakini aliyapeleka mbali kuliko wengine, na pamoja nayo akapeleka tembo wakinywa maji usiku, picha ambazo bila yeye na Boculy zisingekuwepo.

Jumamosi ijayo darasa la wakubwa litatazama dakika kumi za Simba. Nimeshazichagua, na ile sehemu ya mikuki nimeiruka. Maandishi ya Kiingereza nitayafunika. Kila mwanafunzi ataandika ya kwake kwa Kiswahili, yasiyozidi maneno kumi na mawili kwa kila kipande, na kila mtu anayeonekana kwenye picha lazima apewe jina. Wazazi, msaidieni mtoto kukusanya majina kumi ya babu na bibi wa upande wenu, waliozaliwa kabla ya vita vikuu vya pili ikiwezekana. Waje nayo yameandikwa, pamoja na penseli.